Mgonjwa mahututi na mashine ya kusafisha damu: tuliyojifunza Tanga

Habari ya mgonjwa ambaye figo zake zimefeli ghafla, akaishia kusafishwa damu kwa mashine ICU (chumba cha wagonjwa mahututi), huanza siku kadhaa kabla hajaiona mashine, na huanza na mkojo. Ameugua homa kali nyumbani Mkinga au Pangani, au ameharisha siku mbili mfululizo, au ni mama aliyejifungua akatokwa na damu nyingi, au kijana wa bodaboda aliyebanwa mguu chini ya lori. Anawekewa dripu, homa inashuka, watu wanashukuru Mungu. Hakuna anayeuliza amekojoa kiasi gani. Ndugu akiulizwa hujibu, "Amekojoa, nimemwona anaenda msalani," na kwenye faili huandikwa hivyohivyo. Siku ya tatu uso umevimba, anahema kwa nguvu na haraka, anaongea maneno yasiyounganika. Hapo ndipo simu ya rufaa inapigwa.

Sisi tunaofanya kazi hii ya kusafisha damu tunawaandikia watu wawili: ndugu aliyekaa kwenye benchi nje ya ICU na kanga yake mabegani, hajui ndani kunafanyika nini, na mhudumu wa zahanati au kituo cha afya ambaye mgonjwa huyu alipita mikononi mwake kwanza. Jambo kubwa tulilojifunza ni kwamba mashine yenyewe mara nyingi inaweza kusubiri kuliko watu wanavyodhani, ila simu, vipimo na safari haviwezi kusubiri. Tunaona kinyume chake kila mara. Rufaa inacheleweshwa, kisha mgonjwa akishafika ndugu wote wanataka afungwe mashine dakika hiyohiyo.

Basi mkojo. Mtu mzima wa kilo 60 anatakiwa atoe angalau mililita 30 kila saa, yaani nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake. Akikaa chini ya hapo kwa muda wa saa 6, figo zimeshaumia, hata kama kreatinini (taka inayopimwa kwenye damu, ambayo figo huitoa) bado inasoma vizuri, kwa sababu kreatinini hupanda kwa kuchelewa. Ikishapanda kwa maikromoli 26.5 kwa lita ndani ya saa 48, au ikafika mara moja na nusu ya ilivyokuwa, hiyo nayo inatosha kuita jambo hili kwa jina lake: figo zimefeli ghafla. Kituo kisicho na kipimo cha kreatinini hakikosi mpira wa mkojo wala chupa yenye alama za mililita. Andikeni saa na kiasi, kila saa. Karatasi hiyo moja hutusaidia kuliko barua ya rufaa yenye sifa nyingi za mgonjwa.

Kabla ya kuzilaumu figo, angalieni kama njia iko wazi. Mpira wa mkojo hukunjika chini ya paja, huziba kwa damu iliyoganda. Mzee mwenye tezi dume anaweza kuwa na zaidi ya lita moja ya mkojo kibofuni, na akiwekewa mpira vizuri safari ya kwenda kwenye mashine ikafutika siku hiyohiyo. Kama kuna ultrasaundi, ipigwe kabla ya jambo lolote la gharama.

Halafu zuieni sumu mpya isiingie. Dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni zisimame kabisa. Antibaiotiki ya jentamaisini itafutiwe mbadala. Na dawa za mizizi ziulizwe, lakini ziulizwe kwa adabu. Ukimkaripia mtu atakataa, na utakuwa umepoteza habari unayoihitaji. Tumeona swali linalofungua mdomo ni la namna hii: "Shikamoo bibi. Tuambie tu alikunywa nini, hatugombi, tunataka tujue tumtibu vipi."

Kwa malaria kali, ambayo mkoa wetu tunaifahamu vizuri, artesunate haipunguzwi dozi eti kwa kuwa figo zimefeli: kwa mtu mzima ni miligramu 2.4 kwa kila kilo anapofika, tena baada ya saa 12, tena baada ya saa 24, kisha mara moja kwa siku mpaka aweze kumeza dawa. Kwinini ndiyo inayohitaji kupunguzwa kwa theluthi baada ya saa 48. Tumekuta dozi za artesunate zimerukwa kwa sababu ya kuchanganya dawa hizi mbili.

Kinachoua barabarani ni potasiamu, madini ambayo figo huyatoa kwa mkojo. Figo zikifeli, potasiamu hujikusanya kwenye damu, na ikivuka milimoli 6.5 kwa lita moyo unaweza kusimama bila kuaga. Kama ECG (kipimo cha umeme wa moyo) inaonyesha mawimbi yaliyochongoka au yaliyotanuka, mgonjwa asipakiwe kwenye gari kabla hajapewa kalsiamu glukoneti ya asilimia 10, mililita 10 mshipani kwa dakika 5 hadi 10, na kurudiwa kama ECG haijabadilika. Kalsiamu haiishushi potasiamu, inaulinda moyo kwa muda mfupi tu. Inayoishusha ni insulini ya kawaida yuniti 10 pamoja na mililita 50 za deksitrosi ya asilimia 50. Baada ya hapo sukari ipimwe kila saa kwa saa 6, maana insulini hukaa mwilini muda mrefu zaidi kwa mtu ambaye figo zake hazifanyi kazi, na mgonjwa hushuka sukari njiani Segera wakati kila mtu garini amesinzia.

Oksijeni nayo ifanyiwe hesabu kabla ya kuwasha gari. Kutoka Tanga mjini hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 350, na kwenda Moshi hazipishani sana. Mgonjwa anayetumia lita 5 kwa dakika, kwa safari ya saa 6, anahitaji lita 1,800, na hapo hujahesabu foleni wala pancha. Mtungi mdogo wa kubebeka wenye lita 680 utamfikisha kwa saa 2 na robo tu. Pigeni simu kunakopokea, mpate jina la aliyekubali kupokea, mwulize kama kitanda na mashine vipo wazi kweli. Mgonjwa aliyesafirishwa usiku mzima akakuta mashine zote zina watu amepata hasara mara mbili.

Sasa tuseme amefika. Ndugu wanauliza mbona hafungwi. Hapa tunaomba subira, na tuna sababu. Yako mambo yanayolazimisha mashine mara moja: potasiamu isiyoshuka kwa dawa, damu yenye tindikali nyingi kiasi cha pH (kipimo cha tindikali) kuwa chini ya 7.1 au 7.2, maji yaliyojaa mapafuni yasiyotoka kwa dawa ya kukojoza (furosemaidi), sumu fulani, na yurea (taka ya protini kwenye damu) iliyopanda mpaka ikachafua akili au ikaleta maji kuzunguka moyo. Yasipokuwepo haya, kuwahi hakuongezi maisha. Utafiti mkubwa uitwao STARRT-AKI, uliotoka mwaka 2020 ukiwa na wagonjwa zaidi ya 2,900 wa nchi 15, ulilinganisha waliowahishwa na waliosubiriwa. Baada ya siku 90 waliofariki walikuwa asilimia 43.9 upande mmoja na 43.7 upande wa pili. Ila kwa waliobaki hai, asilimia 10.4 ya waliowahishwa walikuwa bado wanategemea mashine, dhidi ya 6.0 ya waliosubiriwa. Utafiti mwingine wa Ufaransa, AKIKI wa mwaka 2016, ulionyesha kuwa karibu nusu ya waliosubiriwa hawakuhitaji mashine hata kidogo, figo ziliamka zenyewe. Kusubiri huku kuna masharti yake. Ni kupima potasiamu na mkojo kwa saa, usiku na mchana, wala si kumwacha mgonjwa.

Namba hizo zina ukweli mwingine ambao familia inastahili kuambiwa mapema, na kwa upole. Mgonjwa mahututi anayefikia hatua ya kusafishwa damu yuko kwenye hatari kubwa hata akiwa kwenye hospitali tajiri kupindukia. Huko Australia na New Zealand, katika utafiti wa RENAL uliotoka mwaka 2009, asilimia 44.7 walifariki ndani ya siku 90. Mashine haiponyi figo wala haiui wadudu walioingia kwenye damu. Inashika zamu ya figo wakati dawa, upasuaji na mwili vinafanya kazi yao. Kama kuna usaha tumboni ambao haujatolewa, hakuna usafishaji utakaomwokoa.

Swali tunaloulizwa kuliko yote ni hili: "Sista, hiyo mashine si ndiyo ukishafungwa huachani nayo?" Hofu hiyo imewafanya watu wamchukue mgonjwa wao nyumbani akafia njiani. Anayefungwa mashine maisha yake yote mara nyingi ni yule ambaye figo zake zimechakaa kwa miaka, kwa kisukari au presha. Aliyefeli ghafla kwa malaria, kwa kutokwa na damu au kwa maambukizi, akivuka hatari, mara nyingi figo hurudi ndani ya siku au wiki kadhaa. Hazirudi kwa wote, na hatuwezi kuapa, lakini mashine inayotumika pale inapohitajika, na kwa upole, siyo inayozizuia zisirudi.

Kuhusu pesa tuseme wazi. Kikao kimoja kinahesabika kwa laki, na ndani ya wiki moja vinaweza kuhitajika vitatu au zaidi. Kosa la familia nyingi ni kuuliza bei ya kikao tu. Ulizeni mpira wa kupitishia damu, wa shingoni au wa pajani, unalipiwa ndani ya bei hiyo au pembeni, chujio na mirija je, heparini (dawa ya kuzuia damu kuganda), vipimo vya kila siku, kitanda cha ICU, damu. Kama kuna bima ya NHIF, mpelekeni mtu dirisha la bima siku ileile mgonjwa anapolazwa, kabla ya kikao, kwa sababu vibali hupatikana kwa urahisi zaidi mapema kuliko baada ya huduma. Asiye na bima wala uwezo aonane na afisa ustawi wa jamii wa hospitali, akiwa na barua ya serikali ya mtaa au kijiji. Damu haiuzwi. Kinachohitajika ni ndugu wa kuchangia, na waje kabla damu haijahitajika. Tunawasihi pia msiuze shamba la minazi usiku wa kwanza. Mwombeni daktari awakadirie vikao vya wiki ya kwanza, mlipie kwa hatua, mkae tena baada ya siku tatu kuangalia mgonjwa anaelekea wapi.

Kazi ya mashine yenyewe ni rahisi kuieleza kwa mtu wa pwani. Chujio hufanya kama kifumbu cha kukamulia tui: machicha hubaki, tui hupita. Chembe za damu na protini kubwa hubaki, maji na vitu vidogo kama yurea, potasiamu na tindikali hupita. Tatizo ni kwamba halichagui. Kila kidogo hupita, kizuri na kibaya, na nusu ya uangalizi wetu ni kurudisha kile ambacho hatukutaka kiondoke.

Lakini kwanza damu ifike kwenye mashine, na hapo ndipo kazi nyingi huharibikia. Mpira ukiwa mbaya, mashine ya mamilioni haifanyi kitu. Mahali pa kwanza ni mshipa wa shingo upande wa kulia, kwa mpira wa sentimita 15. Pili ni paja, na hapo mpira uwe wa sentimita 24 au 25. Mfupi zaidi hauifikii ile mishipa mikubwa ya tumboni, damu iliyokwisha safishwa inazunguka na kuingia tena kwenye mashine, na mgonjwa anabaki na potasiamu yake. Shingo ya kushoto ni ya tatu, kwa sentimita 20. Mshipa wa chini ya mtulinga tunauepuka, kwa sababu husinyaa baadaye, na kama huyu mtu atakuja kuhitaji mashine maisha yake yote atakuwa amepoteza njia. Mpira uwekwe kwa kuongozwa na ultrasaundi, na wa shingoni upigwe picha ya kifua kabla ya kutumika. Kabla ya kufunga, vuta kwa bomba la mililita 20: ikijaa bila kukwama ndani ya sekunde 6, una mtiririko wa mililita 200 kwa dakika. Ikisitasita, rekebisha sasa, usisubiri alamu zianze usiku wa manane.

Baada ya kikao kila tundu la mpira hujazwa heparini kwa ujazo ulioandikwa kwenye kibanio chake, kwa kawaida mililita moja na kitu. Heparini hiyo ni ya kukaa ndani ya mpira. Anayekuja kuutumia lazima aivute na kuitupa kwanza. Kuisukuma ndani ni kumpa mgonjwa dozi nzima ya dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama ametoka kujifungua au kufanyiwa upasuaji, atatokwa na damu. Kwa sababu hiyohiyo mpira wa kusafishia damu usitumike kwa dripu wala kuchukulia vipimo. Kila mkono wa ziada unaoufungua unaongeza nafasi ya wadudu.

Namna ya kusafisha iko ya haraka na ya taratibu. Ya haraka ni ile ya saa 4, ambayo maji ya kusafishia hupita mililita 500 kwa dakika, jumla lita 120. Ya taratibu kabisa huenda saa 24 bila kukatika, na ilianzia Göttingen, Ujerumani, mwaka 1977, kwa daktari Peter Kramer, kwa ajili ya wagonjwa ambao presha yao haikuistahimili ile ya haraka. Kwa hii kipimo kinachotosha ni mililita 20 hadi 25 kwa kila kilo kwa saa. Utafiti wa RENAL ulijaribu 40 na haukuona faida. Mtu wa kilo 70 kwa 25 anatumia lita 42 kwa siku, yaani mifuko kama tisa ya lita 5, na hapo ndipo unaona kwa nini ni ghali na kwa nini mashine za namna hiyo ni chache nchini. Iko njia ya katikati ambayo kwa mazingira yetu tunaipenda: mashine ya kawaida iendeshwe kwa saa 6 hadi 12, damu mililita 100 hadi 200 kwa dakika, maji ya kusafishia 100 hadi 300. Presha haitikisiki sana, na gharama hazifiki kule. Kwa watoto, na pale ambapo mashine haipo, kuna kusafisha kupitia tumboni, ambako hospitali ya KCMC, Moshi, wameonyesha kuwa kunawezekana katika nchi yetu hii hii. Kunahitaji mpira wa tumbo, maji safi yenye sukari na muuguzi makini, umeme si lazima.

Kikao cha kwanza kiwe kifupi na cha pole: saa 2, damu mililita 150 hadi 200 kwa dakika. Yurea ikiondolewa haraka kwenye damu wakati bado imejaa kwenye ubongo, maji hukimbilia ubongoni. Mgonjwa anaumwa kichwa, anatapika, anaweza kupata degedege. Ndugu husema "mmemfunga saa mbili tu, mmetupunja". Hapana, hiyo ndiyo dozi.

Maji yanataka aya yake. Kwenye kikao kimoja damu ya mgonjwa inakutana na maji mengi kuliko atakayokunywa kwa miezi, na kinachowatenganisha ni utando mwembamba. Maji ya bomba ya jiji la Tanga hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hutiwa klorini kama inavyostahili kwa maji ya kunywa. Klorini hiyo na kloramini zikifika kwenye chujio huvunja chembe nyekundu za damu. Ndiyo maana maji hupita kwenye matangi ya mkaa kabla ya mtambo wa kuchuja, na ndiyo maana klorini yote ipimwe kabla ya kila zamu kuanza, isizidi miligramu 0.1 kwa lita. Ikizidi, hakuna kufunga mtu, hata foleni iwe ndefu vipi. Mwaka 1996 mjini Caruaru, Brazili, maji yenye sumu ya mwani yaliwaua zaidi ya wagonjwa 50 wa kituo kimoja. Tunawaambia wanafunzi wetu kisa hiki kabla ya kuwaonyesha kitufe cha kuwashia.

Umeme ukikatika, betri ya mashine husukuma damu kwa dakika chache, lakini mtambo wa maji umeshasimama, hivyo hakuna usafishaji unaoendelea. Kama jenereta haijashika, kazi ya kwanza ni kumrudishia mgonjwa damu yake. Kila mashine ina mkono wa kuzungushia pampu. Ujue uko wapi kabla giza halijaingia, uzungushe kufuata mshale, taratibu, na jicho lisitoke kwenye mrija wa kurudishia, kwa sababu kigunduzi cha hewa huenda hakifanyi kazi na wewe ndiye kigunduzi.

Damu kuganda ndani ya mirija ni adui wa kila siku. Mzunguko mzima hushika kama mililita 150 hadi 200, na ukiganda damu hiyo imepotea. Ukimpoteza hivyo mara tatu mtu mwenye damu 7, umemsogeza kwenye kuongezewa. Sababu ya kwanza ni mpira mbaya na alamu zinazoachwa zilie, kwa kuwa kila alamu ikisimamisha pampu damu inasimama. Heparini husaidia, ila wengi wa wagonjwa wetu hawaruhusiwi. Kwao tunasukuma mililita 100 hadi 200 za maji ya chumvi ya dripu kila nusu saa, na kiasi hicho kiongezwe kwenye maji ya kutoa, la sivyo mgonjwa anatoka amejaa kuliko alivyoingia. Presha ya mrija wa kurudishia ikianza kupanda na damu ikawa nyeusi, rudisha mapema. Ikishaganda usiilazimishe kurudi mwilini.

Kuhusu kutoa maji, tamaa ndiyo inayoponza. Mgonjwa amevimba, kila mtu anataka avimbuke leo. Ukivuta haraka presha inaanguka, na figo iliyokuwa inataka kuamka inapigwa tena. Uchambuzi wa takwimu za RENAL ulihusisha uvutaji wa zaidi ya mililita 1.75 kwa kilo kwa saa, katika usafishaji wa saa 24, na vifo vingi zaidi. Tunaona afadhali vikao viwili vya pole kuliko kimoja cha kishujaa. Joto la maji likishushwa mpaka nyuzi 35 hadi 36, presha hushika vizuri zaidi. Mgonjwa atasikia baridi, afunikwe, na mjue kuwa mashine huficha homa: joto la kawaida wakati wa kusafishwa halimaanishi maambukizi yameisha.

Halafu dawa. Hili ni kosa linaloua bila kelele. Antibaiotiki ya meropenemu huoshwa na mashine, jentamaisini huoshwa, vankomaisini nayo huoshwa kwenye machujio ya kisasa. Seftriaksoni haitoki sana kwa kuwa imeshikana na protini. Mgonjwa aliyechomwa meropenemu saa mbili asubuhi akafungwa mashine saa tatu ameoshewa sehemu kubwa ya dozi yake, na mchana watu wanashangaa mbona homa hairudi nyuma. Zipangeni zitolewe kikao kikiisha, na ziandikwe hivyo kwenye karatasi ya dawa, siyo kuambiana kwa mdomo. Kwenye usafishaji wa saa 24 kosa ni la upande wa pili: madaktari hupunguza dozi kwa sababu "figo zimefeli", huku mashine inaziondoa usiku kucha. Huko pia fosfeti (madini ya damu yanayohitajiwa na misuli) hushuka mpaka misuli ya kupumulia inalegea, na mgonjwa anashindwa kuachana na mashine ya kupumulia bila sababu inayoonekana. Ipimwe.

Wapo wanaotuuliza kuhusu machujio maalumu yanayodaiwa kunasa sumu za wadudu. Kwa chujio la polimiksini B, utafiti wa EUPHRATES wa mwaka 2018 wenye wagonjwa 450 haukupunguza vifo. Kuongeza kasi ya kuchuja mpaka mililita 70 kwa kilo kwa saa, katika utafiti wa IVOIRE wa mwaka 2013, nako hakukusaidia. Kama mtu anawashawishi kuuza kitu ili kununua chujio la namna hiyo nje ya nchi, pesa hiyo ina kazi bora: antibaiotiki sahihi, vipimo, na vikao vya kawaida vinavyotosha.

Ndugu mnaoleta chakula, hapa mna nguvu kubwa. Madafu na machungwa ya Muheza ni zawadi ya upendo, lakini dafu moja kubwa lina kama gramu nzima ya potasiamu. Mgonjwa aliyetoka kusafishwa jana na kunyweshwa madafu mawili usiku hurudi kwenye hatari ileile. Vivyo hivyo ndizi, maji ya matunda, na supu ya mboga za majani. Leteni uji, wali, yai, samaki kwa kiasi kitakachosemwa na mtaalamu wa lishe. Na msimnyime protini mkidhani mnazipumzisha figo. Anayesafishwa damu hupoteza protini, anahitaji zaidi.

Figo zikianza kuamka, mkojo husema tena. Ukifika mililita 400 hadi 500 kwa siku bila dawa ya kukojoza, tunaruka kikao na kutazama kama kreatinini itasimama yenyewe. Wengine baada ya hapo hukojoa lita 3 au 4 kwa siku. Furaha huwa kubwa, na katika furaha hiyo mgonjwa hukauka, potasiamu ikashuka chini kupita kiasi. Apewe maji kwa kufuata anachotoa, na apimwe kila siku. Mpira ukiwa hauna kazi utolewe upesi. Wa shingoni hutolewa amelala chali, kichwa chini kidogo, akishikilia pumzi, kisha pakandamizwe kwa dakika 10 na pafunikwe bandeji isiyopitisha hewa. Kuutoa mgonjwa akiwa amekaa kunaweza kuvuta hewa mpaka kwenye moyo.

Karatasi ya kutoka iandikwe kreatinini ya siku hiyo, idadi ya vikao, na maneno "asipewe diklofenaki wala ibuprofeni", kwa sababu atakayemwona baadaye ni mtu wa duka la dawa kijijini. Baada ya wiki moja au mbili apimwe tena kreatinini, na baada ya miezi 3 kreatinini, presha na protini kwenye mkojo. Hapo ndipo tunajua figo zimerudi kwa kiasi gani. Mwanamke akishika mimba baadaye aanze kliniki mapema na aseme historia hii. Aliyetibiwa kwa artesunate apimwe wingi wa damu kila wiki kwa wiki 4, kwa kuwa chembe nyekundu zinaweza kuvunjika wiki moja au zaidi baada ya malaria kuisha. Kipimo hicho hakihitaji kurudi mjini, kinafanyika kwenye zahanati.